Mstari Mweusi Juu ya Madirisha

Mstari ulikuwa mweusi, umenyooka kama uliopigwa rula, nao ulizunguka chumba kizima cha kulala juu kidogo ya madirisha. Chini yake ukuta mweupe safi, juu yake ukuta mweupe safi. Ukipitisha kidole, kilirudi na unga mweusi wenye harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Ilikuwa kuvu.

Nyumba yenyewe iko Kamachumu, wilayani Muleba, katikati ya kibanja ambacho migomba yake imesogea hadi inagusa madirisha ya nyuma. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Fundi alishaitwa na alishatoa hukumu: bati linavuja, maji yanashuka ukutani. Wakapanda juu, wakabadilisha misumari, wakaziba matundu kwa lami. Masika ikaja, mstari ukarudi palepale.

“Mwanangu,” aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, “maji ya kuvuja yamepata wapi akili ya kutembea kwa rula?”

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilikuwa nimefuatana na kijana wa uhandisi aliye kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Akapima unene wa ukuta, akaandika joto la nje na la ndani, tukarudi Bukoba. Siku mbili baadaye aliniwekea kompyuta mezani. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha ukuta kilichopakwa rangi: nyekundu upande wa chumbani, kisha machungwa, njano, kijani, hadi buluu upande wa nje. Rangi zilifuatana vizuri kama upinde wa mvua.

“Injinia, ukuta huu hauna shida,” alisema. “Uso wote wa ndani uko nyuzi 24. Hakuna sehemu ya baridi ya kuvuta umande. Labda kweli ni bati.”

Nilikagua kazi yake hatua kwa hatua. Programu haikukosea hata hesabu moja, na jibu lilikuwa na kasoro kubwa. Kasoro hiyo huwapata wanafunzi, na huwapata pia wahandisi wenye mvi, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Kanuni ya ukuta bapa

Shuleni tulikaririshwa njia tatu za joto kusafiri: mpitisho, myuko na mnunurisho. Ndani ya ukuta mzito usio na uwazi, mpitisho ndio unaotawala. Chembe iliyochangamka kwa joto inamtikisa jirani yake, jirani anamtikisa wa pili, na ukuta wenyewe haujongei. Aliyeiwekea habari hii kanuni ni Mfaransa Joseph Fourier, ambaye wakati huo hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mkuu wa mkoa wa Isère, anashughulika na barabara na ukaushaji wa mabwawa. Aliwasilisha maandishi yake ya kwanza mwaka 1807, wakubwa wa hisabati wakayatilia shaka, na kitabu chake kikatoka mwaka 1822.

Kwa ukuta bapa kanuni hiyo ni rahisi. Chukua tofauti ya joto kati ya nyuso mbili za ukuta, zidisha kwa uwezo wa kupitisha joto wa kitu kilichojengea, gawanya kwa unene. Unapata wati zinazopita katika kila mita ya mraba.

Tufanye ya Kamachumu. Ukuta wa Mwalimu ni wa tofali la kuchoma, unene wake sentimita 21, yaani urefu wa tofali moja zima. Lipu ni nyembamba, tuiache pembeni. Uwezo wa tofali la kuchoma kupitisha joto ni karibu 0.7, kwa kipimo cha wati kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Ndani nyuzi 24, nje nyuzi 16. Tofauti ni 8. Nane mara 0.7, gawa kwa 0.21, unapata wati 26.7 kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita 10 za mraba unapoteza wati 267, kama balbu za zamani nne na kitu zikiwashwa nje bure.

Mafundi wa joto hupenda kuigeuza hesabu hii. Wanagawanya unene kwa uwezo wa kupitisha na kupata kile wanachokiita ukinzani. Kwa tofali hili ni 0.21 gawa kwa 0.7, yaani 0.30. Uzuri wa ukinzani ni kwamba tabaka zikipangwa moja nyuma ya nyingine, unajumlisha tu kama bei za dukani. Ishike namba hiyo, 0.30. Tutairudia.

Watu watano kwenye benchi

Kama hesabu ni ya mstari mmoja, kompyuta ya nini? Tuone kwanza inafanya nini. Programu zipo nyingi. Ipo ANSYS ya Marekani, ambayo leseni yake ya kibiashara si ya mfuko wa ofisi ndogo, ingawa kuna toleo la bure la wanafunzi. Ipo FreeCAD ya kuchorea, inayoshirikiana na wakokotoaji kama CalculiX au Elmer, zote za bure. Elmer ilianza kutengenezwa Ufini mwaka 1995. Majina yanatofautiana ila kazi ni moja. Programu inaukata ukuta vipande vidogo vingi, vinavyoitwa wavu, kisha inatafuta joto la kila fundo la wavu huo.

Inalitafutaje? Wakalishe watu watano kwenye benchi la zahanati. Wa kwanza ameshika kadi ya 24 na wa mwisho ameshika 16, na hao wawili hawaruhusiwi kubadilisha kadi. Watatu wa katikati waanze wote na 16. Sheria ni moja: kila nikipiga kofi, kila mmoja wa katikati achukue wastani wa kadi za majirani zake wawili.

Kofi la kwanza: 24, 20, 16, 16, 16. La pili: 24, 20, 18, 16, 16. La tatu: 24, 21, 18, 17, 16. La nne: 24, 21, 19, 17, 16. La tano: 24, 21.5, 19, 17.5, 16. Mabadiliko yanazidi kuwa madogo. Endelea kupiga makofi na benchi litatulia kwenye 24, 22, 20, 18, 16, na hapo hata ukipiga kofi elfu hakuna atakayebadilisha kadi, kwa sababu kila mmoja tayari ni wastani wa majirani zake. Joto likifikia hapo tunasema limetulia: linaendelea kupita, ila hakuna fundo linalozidi kupata moto wala kupoa.

Programu kubwa haipigi makofi. Inaandika masharti ya mafundo yote, hata kama ni laki moja, na kuyatatua kwa pamoja. Lakini sharti la kila fundo ni lilelile la benchi, kwamba jirani akubaliane na jirani.

Sasa rudi nyuma usome tena mchezo ule wa benchi. Je, nimetaja tofali mahali popote?

Nyasi, tofali na chuma

Sikulitaja, kwa sababu halikuhitajika. Ukuta ukiwa wa kitu kimoja tu, na nyuso zake mbili umezifunga kwenye nyuzi 24 na 16, joto la ndani yake linashuka kwa mstari ulionyooka, uwe umejengwa kwa chochote. Picha ya rangi itakuwa ileile.

Tumuulize kijana aondoe tofali kwenye programu na kuweka nyasi. Wazee wa Kihaya walijenga mushonge, nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi chini, paa na ukuta vikawa kitu kimoja. Tuchukue ezeko la sentimita 30, uwezo wake wa kupitisha joto ukiwa 0.08. Picha: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu. Wati: 8 mara 0.08 gawa kwa 0.30, yaani karibu 2 tu kwa mita ya mraba.

Weka sasa ukuta wa chuma kitupu wa sentimita 21, uwezo wake 50. Picha: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu. Wati: karibu 1,900.

Nyasi 2, tofali 27, chuma 1,900, na picha tatu hizo ukizibandika ukutani hakuna atakayezitofautisha. Picha ilituonyesha nyuzi tulizoilisha sisi wenyewe, ikazipanga vizuri katikati. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya rangi, muulize kwanza wati ni ngapi, kisha akuonyeshe hesabu ya mkono iliyokaribiana nazo. Akikosea akaandika unene 210 kwa kuwa alipima kwa milimita, huku programu ikisubiri mita, wati zitapungua mara elfu na picha haitabadilika hata rangi moja.

Na ukitazama ukinzani, utaelewa kwa nini wazee husema mushonge ulikuwa na joto usiku. Ezeko lile lina ukinzani wa 3.75. Tofali la kuchoma, ambalo tunaliita maendeleo, lina 0.30. Mushonge ulikuwa na matatizo yake, moshi na hatari ya moto na nyasi za kubadilisha kila baada ya muda, lakini katika kuzuia joto ulilishinda tofali zaidi ya mara kumi.

Utando wa hewa

Turudi kwa kijana. Alipima hewa ya chumba kwa kipimajoto, akapata 24. Kwenye programu kuna kisanduku kinachouliza joto la uso wa ndani, naye akaandika 24. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Hewa ya chumba si uso wa ukuta. Kando ya ukuta kuna utando mwembamba wa hewa iliyotulia, unaoushikilia ukuta kama shuka. Joto la chumba lazima livuke utando huo kwanza, na sehemu yake nyingine inafika kwa mnunurisho kutoka kwenye vitu vingine vya chumbani. Nje pia upo utando, mwembamba zaidi kwa sababu upepo unaufagia. Viwango vya kimataifa vya ujenzi vimeupa utando wa ndani ukinzani wa 0.13 na wa nje 0.04.

Jumlisha kama bei za dukani: 0.13, 0.30 na 0.04, jumla 0.47. Tofauti ya nyuzi 8 gawa kwa 0.47 ni wati 17 kwa mita ya mraba. Ile 26.7 ya mwanzo ilizidi ukweli kwa zaidi ya nusu. Kubwa zaidi ni joto la uso wenyewe. Wati 17 zikivuka utando wa ndani zinapoteza nyuzi 2.2. Kwa hiyo uso wa ukuta chumbani uko nyuzi 21.8, na ile 24 ya kijana haipo popote kwenye tofali. Uso wa nje uko karibu 16.7.

Utando huu ukiudharau, kuna siku utakuaibisha mbele ya mteja. Chukua bati la kuezekea, unene wake karibu theluthi moja ya milimita. Ukinzani wa chuma chake chenyewe ni karibu 0.000007, haufai hata kuandikwa. Ukinzani wote wa paa lisilo na dari ni utando wa hewa wa juu na wa chini. Muuzaji akikuambia bati la geji 28 litazuia baridi ya usiku kuliko geji 30, mshukuru, kisha nunua kwa sababu ya kutu na mvua ya mawe. Kwa baridi ni mamoja.

Nilimrudisha kijana mezani. Alifuta mstari uliosema “Ukuta wa ndani: 24” akaandika “Hewa ya ndani: 24”, na mbele ya neno ukuta akaweka alama ya kuuliza. Tangu hapo programu ikaanza kutafuta kitu ambacho hatukuwa tumeiambia.

Linta

Nyumba ya Mwalimu si ya zamani. Ya zamani ilianguka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoutikisa mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Nyingi zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila kitu cha kuzishika kuta zisiachane pembeni. Alipojenga upya, alisikia ushauri wa wahandisi akafunga linta: mkanda wa zege lenye nondo, kimo chake sentimita 20, unaozunguka nyumba yote juu ya madirisha.

Yaani palepale ulipo mstari mweusi.

Zege lenye nondo hupitisha joto kuliko tofali, karibu 1.75 kwa kipimo kilekile. Ukinzani wake kwa sentimita 21 ni 0.12, ukijumlisha na tando mbili ni 0.29. Wati zinapanda hadi 27.6. Zikivuka utando wa ndani zinapoteza nyuzi 3.6, na uso wa linta chumbani unashuka hadi nyuzi 20.4, wakati tofali lililo chini yake liko 21.8.

Hapa ndipo kompyuta inapostahili umeme wake. Hesabu yangu ya mkono imelichukulia zege kama liko peke yake na tofali kama liko peke yake, lakini pale vinapogusana joto halisafiri kwa mstari ulionyooka. Linapinda kutoka kwenye tofali kwenda kwenye zege, kama watu wanaohama foleni ndefu kwenda kwenye dirisha lenye karani mwepesi. Kalamu haiwezi kufuata mapindo hayo kwa urahisi. Programu inaweza. Kijana alipochora linta na kuweka tando zote mbili, rangi ziliacha kufuatana kwa adabu na picha ikaota ulimi wa ubaridi ukutani, kimo chake kimo cha linta. Katikati ya ulimi huo joto la uso lilikuwa kati ya namba zangu mbili, karibu zaidi na ya zege. Hesabu ya mkono ilikuwa imetupa mipaka, na programu ikatupa kilichomo katikati. Ingeleta namba iliyo nje ya mipaka hiyo, nisingeiamini.

Bado kitu kimoja: unyevunyevu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya pande hizi ni nzito muda mwingi. Ongeza sufuria ya matoke jikoni, watu wanaopumua usiku kucha na nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kunanyesha. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 85 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 21.3 au chini yake. Tofali liko 21.8, limepona kwa nusu nyuzi. Linta iko chini ya mstari huo.

Kuvu haihitaji matone kuota, lakini pale umande unapotua usiku baada ya usiku ndipo inapoanza na ndipo inapostawi. Maji yalikuwa yakitembea kwa rula kwa sababu fundi wa zege alipiga rula kabla yao. Hayakutoka juu ya bati hata kidogo. Yalikuwa ndani ya chumba tangu mwanzo, kwenye hewa.

Msomaji asije akasema basi linta ni mbaya. Piga hesabu: linta ni sentimita 20 kati ya mita mbili na nusu za ukuta, yaani asilimia 8. Ongezeko lake kwenye joto lote linalopotea ni karibu asilimia 5. Hilo ni deni dogo sana kwa kitu kinachozuia kuta zisikuangukie.

Joto hutulia wapi?

Mwerevu atauliza: joto la usiku wa Kamachumu limetulia kweli? Swali zuri, na jibu ni hapana, si kamili. Ukuta wa tofali wa unene huu unahitaji saa kama 10 kuzoea mabadiliko ya joto, na usiku wetu una saa 12 ambazo baridi ya nje inaendelea kuongezeka. Kwa hiyo hesabu ya joto lililotulia ni makadirio ya alfajiri. Saa nane mchana, jua likipiga ukuta wa magharibi, usiitumie kabisa. Hapo lazima programu ihesabu saa kwa saa, na ijue pia kama kuna mgomba unaoutia kivuli ukuta huo.

Ukitaka joto lililotulia kwelikweli, shuka mwaloni, wanakoshushia samaki ziwani. Wilaya ya Muleba ina visiwa vya wavuvi kama Bumbile, Ikuza na Goziba, na sangara wa kule husafiri kwenye deli la barafu. Barafu inayoyeyuka haipandi joto. Inabaki sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe. Upande mmoja wa ukuta wa deli umefungwa kwenye sifuri na maumbile yenyewe, mchana na usiku.

Tuchukue deli lenye kuta za jumla ya mita 3 za mraba, nje nyuzi 26. Likiwa la mbao tupu za sentimita 2.5, zenye uwezo wa 0.15, ukinzani wake pamoja na tando ni karibu 0.34. Wati zinazoingia ni karibu 232, na kwa kuwa kilo moja ya barafu inameza kilojouli 334 ili kuyeyuka, kwa siku moja zinapotea kilo 60. Likiwa na povu gumu la sentimita 5 lenye uwezo wa 0.04, ukinzani ni 1.42, wati ni 55, na barafu inayopotea ni kilo 14. Hiyo ndiyo tofauti kati ya samaki anayefika kiwandani akiwa na macho maangavu na yule anayerudishwa.

Deli lina fadhila nyingine: linaweza kumhukumu mhandisi. Toboa tundu la kutolea maji, kinga maji ya saa 12, yapime kwa mizani ya samaki. Programu ilisema kilo 7. Ukikinga kilo 10, hisabati haijakosea, umekosea kingo, yaani ulichoiambia programu kuhusu kuta na kinachozigusa. Pengine mfuniko haubani. Pengine maji yameingia kwenye povu, na maji hupitisha joto mara 15 kuliko povu lenyewe.

Na kingo zina historia ndefu katika nchi hii. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt, akifuata masimulizi ya wazee wa Kihaya, alichimba Katuruka na Kemondo na kukuta mabaki ya matanuri ya chuma ya kama miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la *Science* kwamba mafundi wale walisukuma hewa ya mivukuto kupitia mirija mirefu ya udongo iliyozama ndani ya tanuri, hewa ikapata moto humo kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine walipinga, wakisema hewa haikai mrijani muda wa kutosha kupata moto kiasi hicho. Ukiuvua ubishi ule maneno yake makubwa, unabaki na swali letu la Kamachumu: ni joto kiasi gani linavuka ukuta wa udongo na utando wa hewa unaoambatana nao? Leo mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuchora mrija ule kwa jioni moja. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe atatakiwa kusema mivukuto ilisukuma hewa kwa kasi gani, na hapo ndipo ubishi ulipo. Kompyuta itaamini atakachoandika.

Alfajiri

Tulirudi kwa Mwalimu na ushauri usio na gharama kubwa. Futa kuvu kwa jiki, ukivaa glovu, madirisha yakiwa wazi. Nguo zisikauke chumbani. Fungua madirisha nusu saa jioni baada ya kupika, na toboa matundu ya hewa yenye wavu wa mbu juu ya kila dirisha. Ondoa mashina mawili ya migomba yanayobana dirisha la nyuma, upepo upite. Unyevu wa chumba ukishuka hadi asilimia 65, umande hautui mpaka uso ufike karibu nyuzi 17, na linta haifiki huko. Zege lenyewe usiliguse.

Tulilala palepale ili tupime alfajiri, kabla chai haijatiwa jikoni. Kijana alibandika kipimajoto kwenye linta, kisha kwenye tofali, kila mahali akisubiri namba itulie. Zege lilikuwa baridi kuliko tofali kwa takriban nyuzi moja, kama programu ilivyosema safari ya pili.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mabegani, anatutazama. Akaja, akaweka kiganja kwenye tofali, akakisogeza juu hadi kwenye linta, akakiacha hapo kidogo.

“Baridi,” alisema. Halafu akanigeukia. “Na ile hela ya lami?”

“Ile ndiyo imekwenda, Mwalimu.”